Uzi: Hewa ukaa ya simenti inatoka ndani ya jiwe, sio kwenye moto peke yake. Tuongee klinka

#1 Tanuri1450

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Nimefanya kazi kiwanda cha simenti miaka 11, na katika hiyo 11 minane nimekaa kontrol rumu naendesha tanuri, jina la kiwanda tuliache. Kila ikiletwa mada ya viwanda na tabianchi naona tunaishia kwenye moshi wa bomba na paneli za sola. Mtu anapiga picha bomba linatoa wingu jeupe anaandika tunauawa. Lile jeupe mara nyingi ni mvuke, vumbi linanaswa na mifuko ya chujio kabla halijafika juu, hewa ukaa yenyewe huioni kwa macho wala haina harufu ya kukushtua. Sasa mimi nataka tuongee hiyo tusiyoiona, mnk ndo kubwa kuliko tunavyodhani na dawa yake sehemu kubwa ipo mikononi mwetu.

Twende taratibu. Simenti inaanza na jiwe la chokaa. Ukichukua kilo 100 za jiwe la chokaa safi ukalichoma mpaka liive unabaki na kilo 56 za chokaa. Zile 44 zilizopungua hazijawa majivu, zimepaa, ni hewa ukaa iliyokuwa imefungwa humo tangu makombe na matumbawe yalipokufa baharini mamilioni ya miaka huko. Hata uchome kwa umeme wa Rufiji, hata uchome kwa jua, hizo 44 zitatoka tu, maana ndo kupika kwenyewe. Hapo ndo simenti inapoachana na viwanda vingine vingi: ukibadilisha nishati peke yake umegusa upande mdogo wa tatizo.

Tanuri lenyewe ni bomba la chuma refu, limelazwa na mteremko kidogo, linazunguka mchana na usiku. Unga wa jiwe la chokaa na udongo na mawe kidogo yenye chuma unaingilia juu kwenye mnara unapashwa, unashuka ndani, mwali wa moto upande wa chini unakaribia nyuzi 2000 na mzigo wenyewe unafika kama 1450. Kinachotoka kinaitwa klinka. Madonge meusi ya kijivu, mengine kama ndimu mengine kama punje ya karanga, ukishika lililopoa ni zito na gumu kama kokoto. Hilo ndo unasaga na jasi kidogo unapata simenti. Moyo wa simenti ni klinka, na hewa ukaa karibu yote ya simenti iko kwenye klinka.

Hesabu ya kiwandani kwa kukadiria: tani 1 ya klinka inatoa kama kilo 530 za hewa ukaa kutoka kwenye jiwe, na kama kilo 300 kutoka kwenye moto ukiwa unachoma makaa ya mawe. Jumla 830 hivi. Sasa chukua mfuko wa kilo 50 ambao klinka ni asilimia 95, una klinka kilo 47 na nusu, maana yake mfuko mmoja mgongoni kwa kijana wa saiti umeshatoa karibu kilo 39 za hewa ukaa kabla haujafunguliwa. Mfuko ambao klinka ni asilimia 68, ni kama 28. Mifuko miwili inafanana, tofauti kilo 11. Zidisha kwa nyumba nzima, zidisha kwa mji. Dunia nzima inatengeneza kama tani bilioni 4 za simenti kwa mwaka, na simenti peke yake inabeba karibu asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Kwahiyo ninachosema mimi ni kimoja: tupunguze klinka ndani ya mfuko, alafu tupunguze mifuko inayopotea saiti. Hayo mawili yanawezekana hapa kwetu na hayasubiri teknolojia ya nje. Karibuni tujadili.

#2 Mabibo Mwisho

Mkuu shukrani, nimeelewa mambo ambayo shule sikuambiwa. Swali dogo, kama makaa ya mawe yanatoa kilo 300, si viwanda vyote vihamie gesi asilia tu maana tunayo ya kutosha?

#3 Tanuri1450

Swali zuri kaka. Gesi inasaidia kweli. Kwa joto lilelile, gesi asilia inatoa hewa ukaa kama asilimia 60 hivi ya ile ya makaa, kwahiyo zile 300 zinashuka zinakuwa kama 180. Kiwanda cha simenti cha Wazo Hill pale Dar wanatumia gesi ya Songo Songo tangu 2004, hilo ni jambo la kusifiwa na limefanya makaa mengi yasichomwe. Ila angalia hesabu, tani ya klinka imetoka 830 imekuwa 710. Zile 530 za jiwe hazijatikisika hata kidogo.

Alafu kuna kitu watu wa nje ya kiwanda hawakioni. Kinachopoteza mafuta zaidi kwenye tanuri ni kusimama na kuwashwa upya. Kuna usiku mmoja siusahau, nilikuwa shifti ya usiku, saa tisa umeme ukakatika. Kontrol rumu giza, feni kubwa zinashuka sauti polepole mpaka kimya, na kimya cha kiwanda cha simenti kinatisha kuliko kelele zake. Tanuri likisimama na moto ndani, chuma cha juu kinapoa tofauti na cha chini, linapinda kama ndizi. Kwahiyo tulikimbia chini na tochi kuwasha injini ndogo ya dizeli ya kulizungusha robo mzunguko, unasubiri, robo tena, unasubiri, mpaka umeme ulivyorudi. Tulivyoanza upya ilichukua zaidi ya siku nzima kupasha tanuri taratibu ili matofali ya ndani yasipasuke, na muda wote huo tunachoma mafuta hatujatoa hata donge moja la klinka. Na matofali yakapasuka hivyohivyo sehemu moja, wiki ya pili tukasimama tena kuyabadilisha.

Sasa piga picha umeme ukatike hivyo mara kadhaa kwa mwezi. Ndo maana mimi nikisikia Bwawa la Nyerere la megawati 2115 nafurahi sababu mbili, umeme wa maji ni msafi, ndio, ila pia umeme ukiwa haukatiki tanuri halisimami, na tanuri lisiposimama halipotezi. Tani ya simenti inakula kama uniti 100 za umeme, sana sana kwenye kusaga.

Kitu kingine ni ubora wa unga unaoingia. Kila baada ya muda maabara wanapima chokaa iliyobaki haijaungana kwenye klinka, sisi tulitaka iwe chini ya asilimia 2. Unga ukiwa unayumba, leo chokaa juu kesho chini, mwendesha tanuri anaogopa kupigiwa simu na maabara, anafanya nini? Anaongeza moto kidogo kwa usalama. Hakuna atakayemlaumu kwa klinka iliyoiva sana. Nimefanya hivyo mwenyewe mara nyingi. Siku machimbo walipoanza kupanga mawe vizuri, kuchanganya lundo kabla ya kusaga, tulipunguza moto bila kununua mtambo wowote. Wanaotafuta pa kuanzia kupunguza gharama na hewa ukaa kwa pamoja waanzie machimboni.

#4 Fundi wa Chanika

Habari wakuu. Mimi ni fundi mwaka wa 19 huu, nafyatua na tofali pia. Mkuu mleta uzi unasema klinka ipunguzwe, ila sisi mtaani tunachojua simenti ikipunguzwa klinka ni kuibiwa, wanatuwekea vumbi. Mteja akiniona na mfuko wa nguvu 32.5 ananiuliza fundi hii si ya plasta, leta ile ya 42.5. Hata plasta wengine saivi wanataka 42.5. Kweli kuna mifuko ilishawahi kunikuta tofali zinamomonyoka kama biskuti. Sasa unanishauri nini hapo?

#5 Tanuri1450

Fundi nashukuru umekuja, wewe ndo mtu niliyekuwa namsubiri.

Kinachowekwa badala ya klinka sio vumbi la kudanganyia, kikiwa ni kitu sahihi na kimesagwa inavyotakiwa. Chukua pozolana, ni majivu na mawe ya volkano. Ile peke yake na maji haigandi, lakini simenti ikianza kuganda inaachia chokaa ndani ya zege, ile chokaa haina kazi kubwa, sasa pozolana inaikamata hiyo chokaa inatengeneza gundi nyingine juu ya ile ya kwanza. Ndo maana zege la pozolana siku za mwanzo linaonekana zembe alafu linaendelea kukaza wiki na miezi. Warumi walijenga hivyo kwa majivu ya volkano na chokaa, jina lenyewe limetoka Pozzuoli karibu na Napoli, na kuba la Pantheon pale Roma lipo juu mpaka leo, karibu miaka 1900, bila nondo hata moja. Sisi tuna volkano kutoka Mbeya mpaka Kilimanjaro, Mungu ametuwekea mtambo wa kuchoma bure, moto ulishawaka zamani.

Soma mfuko fundi, kuna maandishi madogo watu hawayasomi. Ukiona CEM I ujue klinka ni 95 kwenda juu. CEM II/A ni 80 mpaka 94. CEM II/B ni 65 mpaka 79. CEM IV/B ni 45 mpaka 64. Herufi inayofuata inakuambia kilichoongezwa, P ni pozolana ya asili, L au LL ni jiwe la chokaa bichi lililosagwa, S ni slagi ya tanuri la chuma, V ni majivu ya makaa ya mawe. Namba 32.5 au 42.5 ni nguvu ya siku ya 28 kwa kipimo cha megapaskali. N ni ya kawaida, R inawahi kukaza. Ile 32.5 N sharti siku ya 7 ifike 16 na siku ya 28 ifike 32.5, isipofika haijatimiza kiwango, hapo ndo una haki ya kulalamika.

Kwahiyo 32.5 sio simenti mbovu, ni simenti ya kazi yake. Plasta, kujenga tofali, sakafu ya kawaida ya nyumba ya chini, hiyo inatosha kabisa. 42.5 kwenye plasta ni hasara mara mbili, pesa ya mteja na hewa ukaa bure, na plasta yenyewe inapasuka nyufa ndogondogo sababu imekaza kupita ukuta ulio nyuma yake.

Tofali zilizomomonyoka, naomba nikuulize bila kukukosea heshima, ulizimwagilia siku ngapi?

#6 Fundi wa Chanika

Siku 2, ya tatu mteja alishakuja na gari. Ndo hali halisi, uwanja mdogo na mteja ana haraka.

#7 Tanuri1450

Hapo ndo palipo na mchezo wote fundi. Simenti haikauki, inakunywa maji. Ukiliacha tofali juani siku ya pili simenti inakosa maji ya kunywa inaacha kazi katikati, na ya pozolana ndo inaumia zaidi mnk yenyewe ni ya pole pole. Wewe unaona tofali bovu, unaongeza simenti mfuko unaofuata. Yaani unanunua klinka kulipia maji ambayo hukumwaga.

Jaribu hivi, hamna gharama: tofali za siku moja zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza fanya kama siku zote. La pili lifunike na viroba vilivyolowa au nailoni, mwagilia asubuhi na jioni siku 7 zisipungue, ukiweza 14. Kisha utuletee habari.

#8 Nahodha wa Kilwa

Assalaam aleykum ndugu zangu. Nimesoma hapo kuhusu chokaa nikakumbuka nyumbani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamejengwa kwa matumbawe na chokaa, hakuna simenti mle. Wazee walikuwa wanapanga tanuu, magogo yanapangwa duara, matumbawe juu, wanawasha usiku upepo ukiwa umetulia, yanaungua mpaka yanakuwa meupe, kisha chokaa inaachwa na maji muda mrefu kabla haijatumika. Babu yangu alikuwa anatuambia chokaa ya haraka ni chokaa ya aibu. Sasa mkuu, ile nayo si ilikuwa inatoa hewa ukaa ileile?

#9 Tanuri1450

Waaleykum salaam Nahodha. Umegusa penyewe. Ndio ilikuwa inatoa, kemia ni ileile, 100 inabaki 56. Tofauti ni mbili. Ya kwanza, chokaa inaiva nyuzi 900 hivi, klinka inataka 1450. Ya pili, chokaa ya ukutani inakauka kwa kuvuta hewa ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe, kwahiyo ukuta wa Msikiti Mkuu wa Kilwa umeshakunywa tena sehemu kubwa ya kile tanuu ilichotoa. Kuni zilizoungua ndo deni lililobaki, na mikoko.

Zege la simenti nalo linavuta hewa ukaa, ila taratibu sana kuanzia juu kuingia ndani.

#10 Injinia Zege

Samahani naingilia hapo, mimi ni injinia wa majengo. Nakubaliana na mleta uzi kwa sehemu kubwa lakini niweke tahadhari mbili, maana watu wanasoma hapa na kesho wanamwaga nguzo.

Hiyo hewa ukaa kuingia kwenye zege sio habari njema kama kuna nondo ndani. Zege likiwa bichi lina ualkali mkali unaoilinda nondo, hewa ukaa ikiingia mpaka ilipo nondo ule ulinzi unakwisha na kutu inaanza, kutu inavimba, zege linapasuka. Zege lenye viongeza vingi ambalo halikumwagiliwa vizuri linapitisha hewa haraka zaidi. Mtu wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, ana chumvi juu ya hiyo. Kwahiyo kwa nguzo, mihimili na slabu za ghorofa, usichague simenti kwa kuambiwa mtandaoni, fuata mchanganuo wa injinia na kifuniko cha nondo kilichoandikwa kwenye mchoro.

La pili, naomba tusimsukumie fundi peke yake. Sisi mainjinia nasi tunapoteza. Nguzo ya chumba cha kulala nyumba ya chini inachorwa kama inabeba daraja, mtu anaongeza unene "kwa usalama" na hakuna anayeuliza. Nilipokuwa mdogo kazini nilinakili michoro ya jengo moja kupeleka jengo jingine bila kupiga hesabu upya, bosi alikuwa na haraka. Nikikumbuka mita ngapi za zege zilimwagwa pale bila kazi roho inaniuma. Zege ambalo halijamwagwa halina hewa ukaa kabisa.

#11 Tanuri1450

Dada asante sana, na napokea marekebisho yote mawili. Kwenye nguzo na slabu, wakuu, msikilizeni injinia sio mimi. Mimi ni mtu wa tanuri.

Ila nikuongezee jambo ulifanyie kazi huko ofisini kwenu. Kwenye nyaraka za zabuni nyingi nimeona imeandikwa "itumike CEM I 42.5" kwa kazi zote mpaka msingi wa ukuta wa uzio. Kiwango chetu kinaruhusu aina zote hizo, mhandisi ndo anayezikataa kwa kalamu. Mkianza kuandika nguvu mnayotaka na uimara mnaotaka badala ya jina la simenti, kiwanda kitatafuta njia.

#12 Korosho Asilia

Mimi niko Mtwara, nafanya kazi ya kubangua. Tuna milima ya maganda ya korosho, mengine yanatupwa yanachafua, yana mafuta makali yanaunguza mkono. Hivi hayo hayawezi kuingia kwenye tanuri la simenti badala ya makaa?

#13 Tanuri1450

Yanaweza na yana moto mzuri kwa sababu ya hayohayo mafuta. Uganda pale Hima, Kasese, wamechoma maganda ya kahawa miaka mingi. Pumba za mpunga nazo zinaingia. Uzuri wa tanuri la simenti ni kwamba hakuna majivu ya kutupa, majivu yanaingia kwenye klinka yenyewe. Na hewa ukaa ya ganda la korosho ni ileile mkorosho uliyoivuta angani msimu uliopita, sio ya kufukuliwa chini.

Changamoto nisikufiche. Maganda mepesi yanachukua nafasi kubwa kwenye lori, ukisafirisha mbali faida inaishia barabarani. Yakiwa yamelowa, moto unazimika. Yakiingia kidogo saa hii na mengi saa ijayo tanuri linayumba, na nimeshasema tanuri likiyumba mwendeshaji anafanya nini. Kwahiyo inataka ghala kavu, mzani na mkanda wa kulisha sawasawa, na mkataba wa mwaka mzima sio wa msimu. Nyie wabanguaji mkiungana mkaenda kiwandani na tani za uhakika, mtasikilizwa. Mmoja mmoja na kirikuu hawatawasikiliza.

#14 Mpogoro Ughaibuni

Salaam kutoka Norway. Huku nilipo sio mbali na Brevik, kuna kiwanda cha simenti cha kampuni ya Heidelberg kimefunguliwa mtambo wa kukamata hewa ukaa mwezi wa sita 2025, wanakamata tani 400,000 kwa mwaka, kama nusu ya inayotoka kiwandani hapo. Moshi unapitishwa kwenye kemikali inayoinasa hewa ukaa, wanaipasha inaachia, wanaigandamiza inakuwa kimiminika, meli inaibeba mpaka Øygarden pwani ya magharibi inasukumwa chini ya sakafu ya bahari kilomita 2 na nusu hivi. Mimi niliona mnara wake ukijengwa toka mwanzo. Kwanini nyumbani tusifanye hivi?

#15 Tanuri1450

Mkuu hongera kwa kuwa karibu na historia. Huo ndo mtambo wa kwanza wa ukubwa huo kwenye simenti duniani na nautakia mema kwa moyo wote, maana zile 530 za jiwe mwisho wa siku haziondoki zote bila kitu kama hicho.

Lakini serikali ya Norway imelipia sehemu kubwa sana ya gharama, wana visima vya mafuta vya miaka mingi vinavyowajulisha miamba ya chini ya bahari ikoje, na kukamata kunakula joto na umeme mwingi. Sisi tukisema tunasubiri hicho tutakaa miaka 20 tunasubiri huku tunamwaga CEM I kwenye plasta.

Kuna kitu cha kati ambacho mimi ndo kinanifanya nisilale. Kinaitwa LC3. Klinka nusu, dongo la kuchomwa asilimia 30, jiwe la chokaa bichi 15, jasi 5. Utafiti wake umesimamiwa na Profesa Karen Scrivener wa chuo cha EPFL Uswisi pamoja na watu wa Cuba na India. Dongo linachomwa nyuzi 700 mpaka 850 tu, na likichomwa linachotoa ndani yake ni maji, sio hewa ukaa! Nguvu inakaribia simenti ya kawaida, na hewa ukaa inapungua kama asilimia 40. Ule mfuko wetu uliotoa kilo 39 za hewa ukaa unakuwa kama 23.

Na dongo linalotakiwa ni lenye kaolini, kama asilimia 40 kwenda juu. Sasa wanaojua Pugu wanyooshe mkono. Vile vilima vya Pugu Kisarawe ni kaolini, dongo jeupe, tumelipita miaka yote tukienda shamba. Ghana wenzetu wameshaanza, pale Tema kuna kiwanda cha dongo la kuchoma tayari. Sisi klinka tunaijua, dongo tunalo, jiwe tunalo. Ninachoomba ni kiwango cha TBS, shirika letu la viwango, kiifungulie mlango wazi na serikali iwe mteja wa kwanza, madarasa na zahanati, ili fundi aishike mkononi aizoee.

#16 Ludewa Kwetu

Mkuu samahani naona simenti umeimaliza, tusaidie na chuma. Sisi Liganga na Mchuchuma tunasubiri miaka mingi, chuma Liganga na makaa Mchuchuma, tukaambiwa tutayeyusha. Sasa dunia inakimbia makaa, mradi wetu utakufa kabla haujazaliwa?

#17 Tanuri1450

Ndugu yangu chuma sio eneo langu sana lakini niseme ninalolijua. Tanuri la chuma la zamani linatumia makaa sio kwa joto tu, kaboni ya makaa ndo inayoivua ile kutu ya asili kwenye mawe ya chuma. Ndo maana tani 1 ya chuma cha njia hiyo inatoa kama tani 2 za hewa ukaa. Sweden, mradi unaitwa HYBRIT wa kampuni za SSAB, LKAB na Vattenfall, mwaka 2021 walitoa chuma wakitumia hidrojeni badala ya makaa, kinachotoka ni maji. Inafanya kazi ila inataka umeme mwingi na wa bei chee.

Kwahiyo Liganga haijafa, ila swali la kuuliza sasa kabla ya kumwaga msingi ni tanuri la aina gani, maana tanuri likijengwa linakaa miaka 40, na Umoja wa Ulaya tangu Januari 2026 wanatoza ada ya hewa ukaa kwenye chuma, simenti, alumini na mbolea zinazoingia kwao. Kujenga ya zamani ili ubadilishe baadae ni kujenga mara mbili.

Na tusisahau nondo nyingi tunazotumia hapa zinatokana na chuma chakavu kinachoyeyushwa kwa umeme. Yule kijana anayepita na mkokoteni anagonga chuma anauliza "vyuma chakavu", yumo kwenye hii kazi kuliko wengi wanaoisemea kwenye mikutano. Tani ya chakavu ikiyeyushwa kwa umeme wa maji hewa ukaa yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kuanzia kwenye mawe.

#18 Mabibo Mwisho

Nimesave uzi wote. Nimeenda dukani jana nikaanza kusoma mifuko mwenye duka akaniuliza wewe ni TBS? Kati ya aina nne alizonazo tatu ni CEM II na yeye mwenyewe hakujua maana yake, nimemsomea.

#19 Fundi wa Chanika

Wakuu nimerudi, leo siku ya 28. Nimefanya kama mkuu alivyosema, tofali 60 za inchi 6, 32.5 yenye P, simenti ileile, mchanga uleule, mashine ileile. 30 nimeacha juani siku ya pili, 30 nimezifunika viroba nikamwagilia siku 10, mama watoto ndo alikuwa anamwagilia asubuhi mimi nikiwa saiti.

Sina mashine ya kupima. Nilichofanya nimezibeba mabegani nikaachia kwenye zege la uwanjani, tano kila fungu. Za juani zote tano zimegawanyika, moja imekuwa mchanga kabisa. Za viroba moja imekatika pembe, nne zimebaki nzima, nimeziokota nikaziachia tena ndo mbili zikapasuka. Ukizigonganisha zile za viroba zinalia kama chuma, za juani zinalia buu.

Nimejaribu na jambo jingine sikuambiwa. Fungu jipya wiki hii nimepunguza simenti kidogo, badala ya tofali 30 kwa mfuko nimetoa 34, nimezifunika zote. Injinia Zege, dada yangu, hizi nikitaka zipimwe kweli, na mashine, napeleka wapi na napeleka tofali ngapi?

#20 Injinia Zege

Fundi umenifurahisha sana leo. Peleka maabara ya vifaa vya ujenzi, chuo cha uhandisi au TBS, wapigie kwanza simu uulize bei na idadi wanayotaka. Zifikishe siku 28 kabla hujazipeleka na uandike tarehe juu ya kila tofali kwa rangi. Kabla ya majibu usiziuze hizo za 34. Zile 2 za viroba zilizobaki nzima usizitupe, weka pembeni, nazo tupime. Nitumie ujumbe siku ukienda, nikiwa mjini nitakuja tukasimame wote kwenye mashine.